Dohani Isiyotumika: Namna ya Kuifunga Unapokarabati Nyumba ya Zamani

Ukinunua au kurithi nyumba ya zamani Lushoto, Tukuyu, Mufindi, Limuru, Njoro au Kitale, kuna uwezekano mkubwa sebuleni utakuta meko ya kuotea moto ukutani, na juu ya paa dohani, yaani bomba la kutolea moshi, ya matofali au mawe. Nyumba hizi zilijengwa enzi za Wajerumani na Waingereza, kwenye miinuko ya mita 1,400 hadi zaidi ya 2,000, ambako baridi ya Juni hadi Agosti si ya mchezo. Wengi waliohamia baadaye waliacha kuwasha moto. Meko yakageuka mahali pa kutupia karatasi, na dohani ikaachiwa popo, mbayuwayu na mvua.

Siku ya ukarabati, jambo la kwanza ambalo fundi hupendekeza ni jepesi mno: panga matofali mdomoni, piga lipu, paka rangi, kwisha. Kazi hiyo humalizika kwa siku moja na huonekana safi. Baada ya msimu mmoja au miwili ya mvua, ukuta ulio juu ya meko huanza kutoa doa la rangi ya chai ya rangi. Unalipaka, linarudi. Chumba kinanuka masizi mabichi kila mvua inaponyesha, na lipu inavimba na kubanduka kwa vipande.

Sababu ni hii. Ndani ya dohani kuna masizi ya miaka mingi, na masizi yana chumvi zinazovuta unyevu hewani. Mvua ikiingia kwa juu, au hewa yenye unyevu ikinaswa ndani ikapoa na kuwa matone, maji huyeyusha masizi hayo na kuyasukuma ndani ya matofali hadi kwenye lipu yako. Dohani iliyokuwa ikiwashwa moto ilikaushwa na joto. Isiyowashwa haina kingine cha kuikausha isipokuwa hewa inayopita. Ndiyo maana mwongozo huu wote umesimama juu ya mambo mawili: funga juu kabla ya chini, na usiifunge dohani ikakosa hewa.

## Kwanza, chagua majira

Iringa, Njombe na Mbeya, fanya kazi hii kati ya Juni na Oktoba, mvua zikiwa zimekatika. Nyanda za juu za Kenya, Januari na Februari ndiyo miezi mizuri zaidi. Julai ya Limuru haina mvua kubwa, lakini mawingu na manyunyu yake hufanya chokaa ichelewe mno kukauka. Lushoto, kwepa masika na vuli.

Jingine la kuangalia mapema ni hadhi ya nyumba yenyewe. Baadhi ya majengo ya zamani yametangazwa kuwa urithi wa taifa, na yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 kwa Tanzania, au Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 kwa Kenya. Kama nyumba yako imo, huruhusiwi kubomoa wala kubadilisha dohani bila kibali. Hata kama haimo, kazi inayogusa paa au ukuta unaobeba mzigo ipelekee mchoro halmashauri au serikali ya kaunti kwanza.

## Ijue dohani yako kabla ya kuigusa

Lala chali mbele ya meko mchana wa jua, ingiza kioo kidogo na tochi, utazame juu. Ukiona kipande cha anga, njia iko wazi. Mara nyingi huoni anga kwa sababu njia imepinda kidogo juu ya koo la meko. Hilo ni la kawaida. Kinachokuhusu ni matone yanayong'aa kwenye kuta, vijiti vya viota, matofali yaliyoanguka, na udongo wa kujengea uliochurukika kama mchanga. Ukipitisha kidole kwenye maungio ya matofali na kikatoka na unga wa kahawia, udongo huo umekufa.

Kisha tambua dohani hiyo inahudumia vyumba vingapi. Nyumba nyingi zilijengwa na meko mawili yaliyopeana migongo, sebule upande huu na chumba cha kulala upande wa pili. Kwa nje unaona dohani moja, ndani kuna njia mbili zilizotenganishwa na ukuta mwembamba wa tofali moja. Ukuta huo ukiwa na ufa, moshi wa chumba kimoja unaingia kingine.

Kupima usiwashe moto wa kuni. Hujui kama kuna ufa unaotokeza kwenye mbao za paa, na moto wa kwanza baada ya miaka thelathini unaweza kuwa wa kuteketeza nyumba. Tumia chetezo: weka makaa machache na ubani au udi, kisimamishe ndani ya meko, na mweke mtu mmoja kila chumba na mmoja darini. Kila anayesikia harufu aseme iko wapi. Moshi ukivutwa juu taratibu, njia inapumua. Ukirudi chumbani, imeziba. Ukinuka darini, kuna ufa, na meko hayo yasiwashwe tena mpaka ufa utengenezwe. Ukimaliza kupima, toa chetezo nje na ufungue madirisha.

Angalia pia kama kuna bomba au mabati ya paa ya asbesto, kwani nyumba nyingi za miaka ya 1950 na 1960 zilitumia. Ni rangi ya kijivu, magumu kama saruji, na ukingo uliovunjika huonyesha nyuzinyuzi. Usikate, usitoboe, usivunje. Vumbi lake husababisha saratani ya mapafu, na asbesto ni taka hatarishi kisheria. Uliza mamlaka ya mazingira, NEMC kwa Tanzania au NEMA kwa Kenya, namna ya kuiondoa.

## Wapangaji waliomo ndani

Nyuki wakiwa ndani, acha kila kitu uite mfuga nyuki, naye aje jioni. Usiwafukuze kwa moto. Nta iliyoyeyuka ndani ya dohani inawaka vibaya, na nyuki wetu wakichokozwa wanaua. Wakishaondolewa, masega yote yatolewe, la sivyo kundi lingine litafuata harufu hiyo hiyo.

Popo hutoka giza likiingia. Hakikisha hakuna watoto wao ndani, subiri watoke, kisha uzibe kwa wavu. Kinyesi chao kikikauka huweza kubeba kuvu aitwaye Histoplasma, anayeingia kwenye mapafu kwa njia ya vumbi. Kinyunyizie maji kwanza, vaa barakoa ya N95, kisha zoa. Usifagie kikiwa kikavu. Mbayuwayu wenye makinda wape wiki chache waruke. Bundi, licha ya yale yanayosemwa juu yake, anakula panya. Msubiri atoke kama ndege mwingine yeyote.

## Kusafisha masizi

Huku kwetu mafundi wa kusafisha dohani ni adimu, kwa hiyo huenda utafanya mwenyewe au utamwelekeza kijana wa kazi. Masizi ni vumbi jembamba kuliko unga wa sembe, na yana kemikali zinazosababisha saratani. Toa samani, funika sakafu kwa turubai, ziba mdomo wa meko kwa shuka lililoloweshwa na kubandikwa pembeni kwa gundi ya karatasi. Anayefanya kazi avae barakoa ya N95, miwani, glavu na nguo ya mikono mirefu.

Kinachofaa zaidi ni brashi ngumu ya mviringo iliyofungwa kwenye bomba jeusi la maji la nusu inchi. Bomba hilo huuzwa kwa rola, linapinda bila kuvunjika, na linapita kwenye kona za dohani ambako mti ulionyooka hukwama. Pitisha kutoka chini kwenda juu, ukitoboa shuka tundu dogo la kupitishia bomba tu. Gunia la majani lenye jiwe, likishushwa kwa kamba kutoka juu, linafanya kazi vizuri kwenye njia iliyonyooka, lakini kwenye njia iliyopinda linaweza kunasa, na hapo umejitengenezea tatizo jipya.

Acha vumbi litulie kwa saa kadhaa kabla ya kuondoa shuka. Masizi yatie kwenye mifuko uifunge. Usiyamwage kwenye bustani ya mboga.

## Juu ya paa: hapa ndipo kazi ilipo

Ningekuwa na fedha za sehemu moja tu ya kazi hii, ningezitumia juu. Dohani iliyozibwa vizuri juu na kuachwa wazi chini itaendelea kukaa salama miaka mingi. Iliyozibwa chini na kuachwa wazi juu ni mtaro wa mvua unaomwagikia katikati ya nyumba.

Panda kwa jukwaa la mirunda au la chuma, si kwa ngazi iliyoegemezwa kwenye dohani yenyewe. Isukume dohani taratibu kwa kiganja. Ikitikisika, au ikiwa imeinama kiasi cha kuonekana kwa macho, usiifunike kwa chochote kizito. Ishushe tofali kwa tofali hadi chini ya usawa wa paa, uendeleze paa juu yake, na mdomo wake uishie darini ukiwa na wavu na nafasi ya kutolea hewa. Dari nayo iwe na matundu ya hewa pembeni, maana unyevu wa dohani sasa unamalizikia humo.

Kama ni imara, kwangua udongo uliokufa kwenye maungio kwa kina cha sentimita 2 hivi, lowesha, ujaze upya. Nyumba iliyojengwa kwa chokaa ijazwe kwa chokaa: sehemu 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga safi, au saruji 1, chokaa 1, mchanga 6 pale inapopigwa sana na mvua. Saruji tupu ni ngumu kuliko matofali ya zamani ya kuchoma. Maji yakishindwa kutoka kwenye maungio yatatokea kwenye tofali, na tofali ndilo litakalomomonyoka.

Sasa kofia. Inayodumu ni bamba la zege lililoinuliwa juu ya vipande vinne vya tofali, kimoja kila pembe, vyenye kimo cha sentimita 10 hadi 15, ili upepo upite pande zote na mvua isiingie. Bamba lizidi ukingo wa dohani kwa sentimita 5 kila upande, na chini ya ukingo huo chora mfereji mwembamba ili maji yadondoke badala ya kutambaa kurudi ukutani. Kwa dohani ya sentimita 50 kwa 50, bamba litakuwa 60 kwa 60, na likiwa na unene wa sentimita 5 litakuwa na uzito wa kilo 43 hivi. Lisukwe na nondo nyembamba, lifinyangwe chini, likomae wiki moja likimwagiwa maji, ndipo lipandishwe na watu wawili juu ya jukwaa. Asiyetaka uzito huo atumie kofia ya bati nene lililopakwa rangi, iliyofungwa kwa skrubu. Upepo wa Njombe hung'oa ile iliyowekewa misumari miwili.

Zungushia nafasi hiyo wavu wa chuma wenye matundu ya sentimita 1. Unazuia ndege na popo. Wavu wa mbu usiuweke juu, kwani hujaa vumbi na utando wa buibui, na baada ya mwaka dohani haipumui tena.

Lililobaki juu ni maungio ya dohani na paa. Doa la dari karibu na dohani mara nyingi halitokani na dohani kabisa. Linatoka kwenye bati la maungio lililopasuka. Kutofautisha ni rahisi. Siku kavu, chukua mpira wa maji, mwagia paa upande wa chini wa dohani kwa dakika kumi huku mtu yuko darini na tochi. Kisha pembeni, kisha upande wa juu, na mwisho dohani yenyewe. Anza chini kila mara, ama sivyo hutajua maji yameingilia wapi. Bati jipya la maungio lipande ukutani angalau sentimita 15, na ukingo wake uingizwe kwenye mfereji uliochimbwa kwenye ungio la matofali kwa kina cha sentimita 2.5, kisha ufungwe kwa udongo wa kujengea. Kulipaka lami juu juu ni kununua msimu mmoja tu wa mvua.

## Chini: amua meko yawe nini

Hapa ladha yako ina nafasi. Mimi naona kuyaficha kabisa meko mazuri ya mawe ni hasara, hasa yale yenye rafu ya mvule au mawe yaliyochongwa kwa mkono. Lakini chumba ni chako.

Kuyaacha kama rafu. Meko ya upana wa sentimita 90 na kina cha 40 yanatosha vitabu, taa au chungu cha maua. Ndani, juu kidogo ya ukingo wa mdomo, weka kidari kidogo cha ubao wa saruji kwenye vipande vya chuma vilivyofungwa kwa skrubu, ili masizi yasidondoke. Kidari hicho kiwe na tundu lenye wavu, na kiweze kufunguliwa.

Kuziba kwa ubao. Tengeneza fremu ya mbao zilizopakwa dawa ya mchwa, iingie sentimita chache ndani ya mdomo, kisha ifunike kwa plaiwudi au jipsamu. Ndiyo njia ninayoipendekeza kwa walio wengi: ni nafuu, na siku yoyote ukitaka kutazama ndani unafungua skrubu nne.

Kuziba kwa matofali. Yafaa pale unapotaka ukuta mmoja uliolingana. Tumia matofali laini na chokaa, na usiyafungamanishe na ukuta wa zamani kwa kuukata. Mwenye nyumba wa baadaye aweze kuyatoa bila kubomoa.

Kwa njia zote mbili za kuziba, acha tundu la hewa la takriban sentimita 22 kwa 15, kama sentimita 20 juu ya sakafu. Tofali la matundu au kifuniko cha alumini vyote vinafaa, na huku chini ndiko wavu wa mbu unakopaswa kuwa, kwa sababu unafikika na unasafishika. Kama meko yako kwenye ukuta wa nje, ni bora zaidi tundu litokeze nje kuliko chumbani: dohani inapata hewa kavu zaidi na chumba hakipotezi joto.

Linta au upinde wa matofali ulio juu ya mdomo usiguswe kwa hali yoyote. Wakati mwingine ni kipande cha chuma bapa kilichopinda, chenye kutu, kisichoonekana cha maana. Ndicho kinachoshikilia ukuta wote wa juu.

## Sakafu ya meko

Sakafu hii hupuuzwa. Bamba la zamani mbele na ndani ya meko mara nyingi limemwagwa juu ya kifusi bila nailoni ya kuzuia unyevu. Ukiweka mbao juu yake zitavimba, na vigae vitatoa chumvichumvi kwenye maungio. Kama unalivunja, chimba kifusi, shindilia kokoto, tandaza nailoni nzito na uipandishe pembeni hadi usawa wa sakafu, ndipo umwage zege jipya. Kama hutaki kuvunja, liache wazi. Jiwe lililosuguliwa na kupakwa nta linapendeza lenyewe.

## Lipu na rangi

Ng'oa lipu yote ya zamani kwenye eneo lenye doa na sentimita 30 kulizunguka. Usijaribu kuifunika, chumvi zilizokwisha kuingia humo hazitoki. Piga brashi kavu matofali, acha yakae wazi. Kadirio linalotumika ni mwezi mmoja wa kukauka kwa kila sentimita 2.5 za unene wa ukuta, kwa hiyo ukuta wa sentimita 22 uliolowa kabisa unaweza kuhitaji miezi tisa. Najua hakuna anayependa kusikia hivyo katikati ya ukarabati. Fanya vyumba vingine kwanza, urudi hapa mwishoni.

Lipu mpya iwe ya chokaa, mikono miwili au mitatu, kila mmoja usizidi sentimita 1, na mkono unaofuata usipigwe kabla uliotangulia haujashika. Jipsamu ya kusawazisha usiipake juu ya matofali yaliyokula masizi; hunyonya unyevu na kulainika. Rangi iwe ya chokaa au nyingine inayopitisha hewa. Rangi ya mafuta na ile ya kung'aa inayooshwa kwa maji zitanasa unyevu nyuma yake na kutoa malengelenge.

## Kuubomoa ukuta wote wa meko

Wengine hutaka nafasi, wanasema utolewe wote. Inawezekana, lakini hiyo si kazi ya fundi peke yake. Piga hesabu: dohani ya sentimita 90 kwa 45, yenye njia moja ya sentimita 22.5 kwa 22.5, ikitokeza mita 1.5 juu ya paa, ina uzito wa karibu tani moja, bila kuhesabu sehemu iliyo darini. Ukitoa ukuta wa chini na kuacha wa juu, tani hiyo inaning'inia juu ya vichwa vya wanao. Ama ishushwe yote kuanzia juu, ama mhandisi aliyesajiliwa na bodi ya wahandisi, ERB Tanzania au EBK Kenya, achore bimu ya kuibeba na asimamie inapowekwa.

## Baada ya kufunga

Meko yakishazibwa, baridi ya Julai haitaondoka. Hapo ndipo watu huingiza jiko la mkaa chumbani, hata kuliweka ndani ya meko yaliyofungwa kwa kudhani tundu la hewa litatoa moshi. Halitoi. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na dohani yenye kofia na tundu dogo haina nguvu ya kuivuta. Familia hulala na haziamki. Waambie wote wanaoishi humo, pamoja na wapangaji na wageni.

Andika pia kwa rangi isiyofutika nyuma ya ubao, au kwenye tofali la ndani kabla ya kuziba: DOHANI IMEFUNGWA JUU, USIWASHE MOTO, na mwaka. Nakala nyingine iweke pamoja na hati za nyumba.

Mvua za kwanza kubwa zikipita, panda darini na tochi uzunguke dohani yote, kisha ufungue kifuniko cha tundu la hewa na kushika matofali ya ndani kwa kiganja. Yakiwa makavu, kilichobaki ni kusafisha wavu wa chini kila mwaka na kukagua kofia kila kabla ya masika. Yakiwa na ubaridi wa maji, usianze kupaka chochote ukutani. Rudi juu na mpira wa maji, uanze upya kutoka upande wa chini wa paa.